Mashine ya presha ya kuoshea nyumbani: ya umeme au ya petroli?

Mwanzisha mada, Gungu
Ndugu zangu, habari za kazi. Kila msimu wa mvua kuta za nyumba yangu hugeuka nyekundu hadi kimo cha goti kwa matope yanayorushwa kutoka chini, na pevingi za uani zimeota ukoga hata watoto wanateleza. Dukani nimeona mashine tatu: ya umeme ya wati 1,400 (presha ya baa 110, maji lita 360 kwa saa), ya umeme ya wati 2,100 (baa 145, lita 500 kwa saa), na ya petroli ambayo muuzaji anaisifia kuliko zote. Maji ya bomba kwangu hayatoki kila siku, hivyo nategemea simtanki la lita 1,000 lililo juu ya mnara wa mita tatu. Nichukue ipi?

Mchangiaji, Ujiji
Chukua ya petroli, ndugu yangu. Yangu ya umeme iliungua mota kabla ya mwaka kwisha, nikaapa kutorudia.

Fundi pampu, Mwanga
Kaka wa Ujiji, kabla ya kuulaumu umeme, hebu tueleze uliichomeka wapi.

Mchangiaji, Ujiji
Kwenye ekstensheni ya mita thelathini, ile nyembamba ya kuchajia simu.

Fundi pampu, Mwanga
Basi aliyeiua ni waya. Waya mwembamba na mrefu hupunguza volti, mota ikavuta ampea nyingi zaidi na kupata moto. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5 uliokunjuliwa wote, au, bora zaidi, sogeza soketi karibu. Wati 2,100 ni kama ampea 9 kwenye volti 230, kwa hiyo soketi ya ampea 13 inatosha bila wasiwasi. Zamani, Kigoma ilipotegemea majenereta ya dizeli, ningekuwa mwepesi wa kushauri petroli. Tangu tuunganishwe na gridi ya Taifa mwaka 2022 hoja hiyo imepungua nguvu, ingawa haijafa.

Sasa kwa mwenye mada: wanunuzi wengi hutazama baa peke yake. Baa hubandua uchafu, lakini lita ndizo zinazouondoa, na kwa matope yetu mazito lita zina thamani kubwa. Mashine nyingi za petroli humeza lita 9 hadi 10 kwa dakika, hivyo simtanki lako halitafika saa mbili. Tena mnara wa mita tatu hukupa presha ya baa 0.3 tu. Fanya jaribio hili kabla ya kutoa fedha: fungua mpira unaotoka kwenye tanki ujaze ndoo ya lita 20. Ikijaa ndani ya dakika mbili, mashine ya lita 500 kwa saa haitakosa maji. Ikichelewa, badilisha mpira uwe wa robo tatu inchi na uweke chujio, kwa sababu pampu inayonyonya hewa au mchanga huharibika sili (vipete vya kuzuia maji yasivuje) haraka.

Mama mwenye nyumba, Bangwe
Naongeza la usalama, maana wanaume mkizungumzia mashine hamfiki huko. Ya petroli haiwashwi barazani wala karibu na madirisha, kwa sababu moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu. Nozeli (kichwa cha kutolea maji) nyekundu, ya nyuzi sifuri, yaani inayotoa maji kwa mstari mmoja mwembamba, msiwape vijana: maji yake hupasua ngozi, na jeraha lake, hata likiwa dogo kama tundu la sindano, ni la kukimbizwa hospitali. Kwa ukuta anza na nyeupe ya nyuzi 40 ukiwa mbali kidogo. Mimi niliusogelea mno ukuta wa plasta ya zamani, nikajikuta nalipia plasta mpya.

Mwanzisha mada, Gungu
Ahsanteni sana. Nimejaza ndoo: dakika tatu na nusu. Nifanye nini, fundi, ninunue ya wati 1,400 au nibadilishe mpira kwanza?

Fundi pampu, Mwanga
Ndoo yako ni lita 340 kwa saa. Hata hiyo ndogo itakuwa na kiu kidogo. Badilisha mpira, pima tena, kisha chukua ya 2,100. Na ukiachia kifyatulio kwa zaidi ya dakika chache, izime kabisa.