Naomba ushauri: kupaa naweza, kutua kunanitesa

Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, najifunza kuruka na paraglaida (bawa la kitambaa unaloning'inia chini yake kwa kamba), na tunarukia ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Kilimatinde. Jumamosi wakati wa kutua nilivuta breki zote mbili (kamba za mkononi za kupunguza mwendo) nikiwa bado juu kama mita 4. Bawa likapanda kidogo, likasita, kisha likaniachia. Nikatanguliza mkono (najua, msinicheke) na kiwiko kikachubuka vibaya kwenye changarawe.

Mwalimu anasema nisubiri hadi mita 1 hivi ndipo nivute, miguu pamoja, magoti yalegee, na nikianguka nibingirike kwa ubavu. Nimeelewa, ila ardhi ikija mbio macho yanaganda kwenye nyayo zangu badala ya kutazama mbele. Mliopita hapa mlijizoezaje?

Halafu upepo. Jua likishachoma, kuanzia saa 4 asubuhi, vimbunga vya vumbi vinainuka popote na kitambaa chetu mlingotini kinageuka ghafla. Upepo ukigeuka nimeshashuka chini ya mita 20, nijaribu kuufuata kwa kona au ninyooke tu nitue hivyo hivyo? Mke wangu ameshaanza kuuliza hiyo paraglaida inauzwaje.