Naomba ushauri: mkono unachora, moyo haumo

Wadau wachoraji, shikamooni wakubwa. Hapa Arusha Juni na Julai baridi ni kali, rangi ya mafuta inachelewa kukauka. Ukipaka tabaka la pili wakati la chini bado ni bichi, uso unajikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Ukizidisha tapentaini ya kuyeyushia rangi, mng'ao unapotea. Kazi inasimama, na hapo ndipo uchovu wa moyo unapoingia: twiga yuleyule, Kilimanjaro uleule, hamu hakuna.

Kwa sasa kila asubuhi kabla ya oda natenga nusu saa kwa kipande cha kitambaa cha amerikani, sentimita 20 kwa 20, rangi mbili tu, na hakiuzwi. Kwanza nakipaka rangi nyeupe ya maji mara mbili, kila kikikauka nasugua kwa msasa laini. Mkono umechangamka. Jicho bado linarudi kwa twiga.

Naombeni mnisaidie: nisimamishe oda wiki mbili, au nipunguze tu? Kodi ya chumba inabana, lakini kuchora bila hamu kunaniumiza zaidi. Na aliyehamia akriliki, ile rangi ya maji inayokauka haraka, mistari myembamba ya manyoya ya ndege inatoka safi?