Hita ya maji inakula Yaka (umeme wa kulipia kabla) sana, themostati niiweke digrii ngapi?

MamaPendo_Kabale
Habari zenu wapendwa. Naomba msaada kwa mwenye kuzijua hizi hita za maji za umeme. Sisi tuko Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, na aliyekaa huku anajua, saa kumi na moja alfajiri ukifungua bomba ni kama maji yametoka friji, na ninaishi na mama mkwe wangu ana miaka 74, miguu inamuuma kwa baridi, siwezi kumwambia aoge maji ya hivyo. Mwaka jana tukafunga hita ya lita 50, imeandikwa wati 1500. Shida ni Yaka sasa. Zamani yuniti za shilingi 40,000 zilikuwa zinatupeleka karibu mwezi mzima, siku hizi hazifiki wiki mbili.
Mume wangu anasema tuiache inawaka saa zote kwa sababu kuzima na kuwasha ndio kunakula umeme. Fundi aliyeifunga alisema themostati tupandishe mpaka digrii 75 ili maji yawahi kuchemka. Jirani anasema tuizime kabisa turudi kwa sigiri, jiko la makaa. Kila mtu na lake, mimi nataka nielewe hiki kitu chenyewe kinafanyaje kazi. Na pia chumba cha mama usiku, tukipashe na nini tusimalize pesa?

Fundi_Ntinda
Dada, mimi kazi yangu ni hii, mwaka wa 11 nafunga hita hapa Kampala, na hilo la kupandisha ili maji yawahi nalisikia karibu kila nyumba. Si kweli. Themostati haiongezi nguvu ya moto. Elementi yako, kile chuma kinachopasha maji, ni wati 1500, ukiweka 50 ni 1500, ukiweka 75 ni 1500 ile ile. Themostati ni swichi inayosikia joto basi, inaamua moto ukatike saa ngapi na urudi saa ngapi.
Ukifungua kile kifuniko cha chini (ZIMA BREKA KWANZA, usiamini swichi ya ukutani peke yake) utaona kijiti kirefu kimeingia ndani ya tangi. Nje ni mrija wa brasi, ndani yake kuna fimbo ya chuma kilichochanganywa na nikeli, ile wanaita invari. Brasi ikipata joto inarefuka, invari hairefuki karibu kabisa, sasa mrija ukirefuka unaivuta ile fimbo na fimbo inaachanisha swichi, ndio ile "tak" unayoisikia. Maji yakipoa digrii chache mrija unarudi, swichi inashika tena. Hakuna kompyuta pale, ni vyuma viwili visivyorefuka sawa.
Sasa hesabu. Lita 50 kutoka digrii 18 mpaka 60 zinataka kama yuniti 2.4, kwa elementi yako ni saa moja na dakika 40 hivi. Ukienda mpaka 75 ni yuniti 3.3 na saa mbili na robo. Na ile safari ya kutoka 18 mpaka 60 dakika ni zile zile, uweke 60 au 75, tofauti ni kwamba ukiweka 75 haisimami pale, inaendelea kula.
Kuhusu mume wako, mwambie taratibu: tangi la moto ni kama jerikeni yenye tundu chini. Ikiwa imejaa inavuja kwa nguvu, ikipungua inavuja pole pole. Joto nalo linatoka hivyo hivyo, maji yakiwa moto sana kuliko hewa ya nje linatoka haraka, na usiku wa Kabale hewa ya nje ni baridi kweli. Kwa hiyo ukiiacha saa zote unalipia kujaza jerikeni inayovuja usiku mzima watu wamelala. Kuwasha kwenyewe hakuna gharama ya ziada.

MamaPendo_Kabale
Banange, asante sana. Sasa mbona nisiishushe mpaka 45 kabisa? Maji ya kuoga hayahitaji zaidi ya hapo.

Fundi_Ntinda
Usifanye hivyo hasa kwa sababu ya mama. Kuna bakteria wanaitwa legionela, wanapenda maji ya uvuguvugu yaliyokaa, kati ya 25 na 45 ndio wanazaana vizuri, na mtu akivuta ule mvuke wa shawa wanaweza kumletea homa ya mapafu, wazee ndio wanaumia zaidi. Kwenye 60 wanakufa. Weka 60 uiache hapo. Ila 60 pia inaunguza ngozi kwa sekunde chache, ya mzee inaungua haraka zaidi, kwa hiyo kwenye beseni maji baridi yatangulie, moto ufuate, usibadilishe huo mpango hata siku moja.

Leicester_Tooro
Mimi ni wa Fort Portal lakini niko Leicester mwaka wa sita, na huku pia mita yangu ni ya kulipia kabla kama Yaka, nikiona namba inashuka roho inashuka nayo. Huku themostati ni ya nyumba nzima, iko ukutani kwenye korido, inaamrisha boila ya gesi iwake au izime. Na kosa ni lile lile, mtu anarudi kazini anatetemeka anapandisha mpaka 30 eti nyumba iwahi, halafu analala imebaki 30. Mimi naweka 18 au 19. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanashauri nyumba isishuke chini ya 18, na wazee wanahitaji kidogo zaidi. Kushusha digrii moja tu hapa Uingereza wanakadiria unaokoa kama asilimia 10 ya gharama ya kupasha nyumba, na mimi bili yangu imenionyesha ni kweli inashuka.
Lakini mama Pendo nisikilize kwa chumba cha mama, usinunue hita ya chumba kabla ya kuangalia juu. Kuna siling? Kama ni mabati matupu joto lote linapanda linatoka, na themostati ya ile hita haitakata kamwe kwa sababu chumba hakitafika kile kipimo ulichoweka. Hita ya wati 2000 ikiwaka bila kukata ni yuniti 2 kila saa, saa 8 ni yuniti 16, na ukishapita zile yuniti chache za kwanza za mwezi za bei nafuu, bei inapanda sana. Fanya hesabu, ni yuniti 16 kwa usiku MMOJA. Pesa ya wiki chache inakufungia siling na siling hailipiwi kila usiku. Ziba chini ya mlango kwa nguo iliyokunjwa, weka pazia zito, na umtafutie mama chupa ya mpira ya maji moto uizungushie kitambaa uweke miguuni. Bibi mmoja jirani yangu huku ndiye alinifundisha hivyo, pasha mtu kwanza, chumba baadaye.

Mstaafu_Jinja
Mama, mimi nimetumikia jeshi nimelala sehemu nyingi za baridi, nakuomba kwa moyo wote hiyo sigiri isiingie chumbani usiku. Makaa yakiwaka yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu, inamlaza tu na haamki. Na watu wa baridi ndio wanafunga madirisha yote kuziba upepo, hapo ndio hatari inazidi. Nilizika rafiki na mke wake kwa sababu hiyo. Hata makaa yakionekana yamekwisha, chini ya jivu bado yanatoa. Pika nje, chemsha maji ya ile chupa nje, sigiri ibaki nje.

MamaPendo_Kabale
Afande pole sana kwa msiba huo. Nimekusikia, tulikuwa tunaiingiza kidogo kabla mama hajalala, haitaingia tena.
Nimefanya jaribio. Juzi nilizima kila kitu hata friji, nikaacha hita peke yake kwenye 75, nikasoma Yaka saa nne usiku na saa kumi na moja asubuhi. Hakuna aliyeoga, hakuna aliyefungua bomba, yuniti 0.6 zimeenda. Nikamwonyesha mume wangu karatasi niliyoandika hizo namba, amenyamaza, halafu akauliza taima, zile swichi za saa zinazowasha na kuzima zenyewe, zinauzwa wapi.

Fundi_Ntinda
Umefanya kitu ambacho hata mafundi hatufanyi. Taima tafuta ile ya kufungwa kwenye bodi, ya ampea 16, hita yako inavuta kama ampea 6.5 muda wote inapowaka na zile za kuchomeka za bei rahisi zinayeyuka, nimezitoa zikiwa nyeusi. Iwake saa tisa usiku ili saa kumi na moja maji yawe tayari. Na ile mita ya kwanza ya bomba inayotoka kwenye hita uivalishe sponji ya bomba, ni pesa kidogo.
Siku ukisikia bomba linatoa mvuke au tangi linanguruma, hapo themostati imeng'ang'ana haikati, zima breka uite mtu.

MamaPendo_Kabale
Narudi baada ya wiki tatu. 60, taima, sponji. 40,000 imefika siku ya 19. Wote tunaoga, na mama anachanganya maji yake mwenyewe, baridi kwanza. Siling tumeanza na chumba chake, mbao zimeshafika.

Leicester_Tooro
Ukifunga siling acha nafasi ya hewa kati yake na bati, na uweke ile ya povu ya kuzuia joto lisitoke kama utaipata. Msalimie mama.