Tupeane uzoefu: kubandika na kubandua saundi prufu ya gari

Mleta mada: Wadau, jana nimepewa lifti kwenye Probox kutoka Moro mpaka Chalinze, tumeongea kwa kupayuka kama tuko mashine ya kusaga. Nikaikumbuka IST yangu. Mliobandika saundi prufu, zile shiti za kupunguza kelele zinazogandishwa kwenye bati kwa ndani, na hasa mliowahi kuibandua, tiririkeni.

Fundi Spika: Kuna ya lami, na kuna ya butili, mpira fulani unaonata, yenye alumini juu. Ya lami bei poa, ila kwa jua la Dar inalainika, inanuka, mlangoni inateremka yenyewe. Na si lazima uzibe bati lote, robo ya eneo inatosha, pale katikati linapotetema. Gonga kwa kidole: likilia kidebe, bandika.

mama_vitz: Ya lami hiyohiyo. Harufu ilinifuata mpaka kwenye vitenge vya kanisani.

Kipanya Gerezani: Mmenitonesha. Noah ya kaka yangu, sakafu nzima ilikuwa lami. Bomba la maji ya AC likaziba, maji yakaingia chini ya kapeti, kutu ikala bati kimyakimya. Ikabidi yote ing'olewe. Fundi alianza vizuri, hita ya kupuliza na skrepa, vipande vinatoka. Jioni ikabaki ile nyeusi inayonata chini ya kiti cha dereva. Akasema petroli inaimaliza chapu. Dumu likaja, tambara likaloweshwa. Mvua ikaanza, wakarudishia milango. Betri hawajachomoa! Kijana wake akaona giza, akachomeka taa ya waya. Cheche sikuiona, nilichoona ni fundi anachomoka mlango wa nyuma, nyusi hana. Tukazima kwa mchanga wa jirani anayejenga. Viti vya mbele, nyaya zote za chini ya dashibodi, kwisha. Fundi mikono iliungua, alipona.

Zee la Kigamboni: Bima kubwa au ndogo?

Kipanya Gerezani: Ndogo.

Zee la Kigamboni: Basi imekula kwake.

Kipanya Gerezani: Mzee mtu kaungua, wewe unawaza bima?

Zee la Kigamboni: Umesema alipona. Gari je?

mama_vitz: Jamani 😂 poleni lakini.

Juma wa Tanga: Lami ya sakafuni inataka barafu kavu, ile ya gesi ya kaboni iliyogandishwa. Inaganda, unagonga na nyundo ya mpira, inapasuka yenyewe. Vaa glovu nene na fungua milango, ile gesi yake inakaba pumzi.

Fundi Spika: Na barafu kavu Gerezani inauzwa kwa nani? Mafuta ya taa, taratibu, milango wazi.

Juma wa Tanga: Nayo yanawaka, fundi. Halafu yanaacha utelezi, ukibandika upya haishiki.

Fundi Spika: Unamalizia na spiriti.

Juma wa Tanga: Inayowaka zaidi. Hongera.

Dogo Passo: Ongezeni sauti ya redio tu, kelele hutazisikia.

mama_vitz: Mlangoni msizibe vile vitundu vya chini vya kutolea maji. Wa kwangu ukipiga breki unasikia chubwi.

Mleta mada: Kwa hiyo muungurumo wa tairi utaisha au?

Fundi Spika: Butili inatuliza bati linalotetema. Muungurumo unataka sponji na shiti nzito ya vinaili juu yake. Tairi zako za mwaka gani?

Mleta mada: Zilikuja na gari.

Fundi Spika: Anza na tairi.

Dogo Passo: Kipanya, viti vya nyuma vya ile Noah vilipona? Natafuta.