Naomba ushauri: ukoko mweupe wa maji ya chumvi kwenye terazo

Habari zenu wapendwa. Nimehamia Dodoma, nyumba inatumia maji ya kisima, magumu kweli, sabuni haitoi povu. Birika nililichemshia siki na maji nusu kwa nusu, nikaliacha saa nzima; ukoko ukabanduka vipande vipande. Koki za bafuni nilizifunga vitambaa vyenye ndimu, nazo zimeanza kung'aa.

Kinachonitesa ni sakafu ya terazo. Pembeni mwa ndoo pameganda utando mweupe, ukipitisha kucha unakwaruza kama chokaa. Terazo ni saruji yenye chembe za mawe ya marumaru, siki itazila pamoja na doa, na nyumba ni ya kupanga. Fundi kaniambia nimwage asidi ya betri, nimekataa kabisa. Aliyewahi kusafisha terazo bila kuiharibu, tafadhali, alitumia nini?