Namuuguza mama nyumbani baada ya kiharusi, mwili wangu umeanza kukataa. Naombeni ushauri

DadaWaMbagala:
Habari za jioni wakuu. Mama yetu ana miaka 68. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza na maneno yanamtoka kwa shida. Alilazwa, akapata nafuu, tukaruhusiwa. Siku ya kutoka tulipewa dawa za presha, karatasi na tarehe ya kliniki. Namna ya kumgeuza, kumlisha na kumwogesha hakuna aliyekaa na mimi akanionyesha. Nimejifunzia humu humu chumbani.

Tumezaliwa wanne. Kaka mkubwa ni mwalimu Mwanza, wa pili yuko nje ya nchi, mdogo wetu wa kike ana watoto wadogo. Mimi sijaolewa, basi jambo likawa limeshaamuliwa kabla sijaulizwa. Kaka zangu wanatuma hela, na kwa hilo nawashukuru. Lakini hela haimgeuzi mama saa nane usiku. Mgongo unaniuma, usingizi ni wa vipande, kibanda changu cha vitambaa kinaendeshwa na binti wa jirani na mtaji unayeyuka. Kliniki tukifika, mama anapimwa presha, anaulizwa anakulaje, analalaje. Mimi niliyembeba kutoka kwenye bajaji siulizwi lolote.

Je, kuna huduma yoyote kwa ajili ya anayeuguza? Na nitawaambiaje ndugu zangu nimechoka bila kuonekana namkimbia mama? Halafu kuna alama nyeusi imejitokeza juu kidogo ya makalio yake, ngozi haijachubuka.

NesiMstaafu:
Pole sana mwanangu. Nianze na hiyo alama, mengine yatasubiri. Ibonyeze taratibu kwa kidole. Rangi isipobadilika ukiachia, au pakiwa pa moto, pagumu au pa kubonyea kuliko ngozi ya jirani, hicho ni kidonda cha kulalia kinaanza, hata kama juu hakuna mchubuko. Kwenye ngozi yetu nyeusi ule wekundu wanaosema vitabuni hauonekani vizuri, ndiyo maana watu wanashtuka kidonda kikishafunguka. Asilalie tena pale. Mlaze kwa ubavu, siyo ubavu mzima bali nusu, mto mmoja nyuma ya mgongo na mwingine katikati ya magoti. Mgeuze kila baada ya saa mbili hivi. Usipasugue na wala usipake spiriti, unaua ngozi iliyokwisha kuchoka. Kesho apelekwe kituo cha afya paangaliwe.

Mgongo wako: usimnyanyue peke yako. Kunja shuka mara mbili, lipite chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, watu wawili mmoja kila upande, mnamvuta na shuka. Ule mkono uliopooza usiutumie kumvutia hata siku moja, bega litatoka. Kumvisha nguo, anza na mkono mgonjwa. Kumvua, malizia nao. Akila awe amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo kidogo, na umwache amekaa hivyo kama nusu saa baada ya kula. Akipaliwa kila mara au sauti ikiwa kama ina maji baada ya kunywa, mwambie daktari haraka, maana huenda chakula kinaingia mapafuni.

Haya yote ulitakiwa kufundishwa wodini, kwa mikono yako mwenyewe, nesi akikutazama. Na bado unaweza kuyadai. Siku ya kliniki mwambie mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuonyeshe namna ya kumtoa kitandani kwenda kwenye kiti. Usiondoke mpaka umefanya mwenyewe mbele yake. Na wakimaliza kumpima mama, weka mkono wako mezani, useme, “Nami nipimeni.”

MtuWaIbada:
Dada, huyo ndiye aliyekubeba tumboni. Radhi za mama hazinunuliwi. Vumilia, Mungu anaona.

Mangi_Mdogo:
MtuWaIbada, sote tunajua thamani ya mama, na huyu dada anaionyesha kila usiku. Lakini tumbo lile lilibeba wanne. Mbona uvumilivu tunamhubiria mmoja tu, tena yule wa kike asiye na mume? Mimi nimeona shangazi yangu akiuguza bibi mpaka yeye mwenyewe akaangushwa na presha, tukawa na wagonjwa wawili ndani ya nyumba moja.

Dada, itisha kikao, hata kwa simu. Wengi wakikaa wanahesabu hela. Wewe wahesabie usiku. Nani analala na mama usiku wa Jumamosi? Nani anakuja akae wiki nzima wakati wa likizo za shule ili wewe ulale na ukaangalie biashara yako? Kaka mwalimu ana likizo, na aje yeye mwenyewe, asimtume mkewe. Akikaa na mama hizo siku chache hutahitaji tena kumweleza kitu. Kaka wa nje alipe msaidizi wa mchana kwa mshahara wa kueleweka, na binti huyo afundishwe kama Nesi alivyoeleza. Usiombe “mnisaidie” tu, taja kazi na siku.

AfisaUstawi:
Nafanya kazi ya ustawi wa jamii katika halmashauri. Nakujibu ukweli: posho ya anayeuguza hapa kwetu hakuna. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtazama mzee, na msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo ni wa kwake yeye. Hata hivyo, kila kinachomrahisishia yeye kinakupunguzia wewe. Hospitalini ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, uwaeleze hali ya nyumbani yote, pamoja na yako. Serikali ya mtaa ulizia mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa eneo lenu, mpango wao ulizinduliwa upya 2024, na kutembelea kaya ndiyo kazi yao. Ulizia pia kama hospitali yenu ina timu ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa wa muda mrefu, inayofika majumbani. Watu wanadhani ni ya wenye saratani tu, sivyo. Na kaka mwalimu aangalie kama mama ameandikishwa kati ya wategemezi wake NHIF, yaani bima ya afya ya taifa.

Pemba_Yetu:
Huku Zanzibar wazee wa miaka 70 na kuendelea wanapata pensheni jamii tangu 2016. Inasaidia sabuni na nepi za wazee. Lakini nayo ni ya mzee, anayemuuguza hayumo.

Fundi_Sheria:
Kwa mlioajiriwa mnaosoma: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inatoa siku 4 zenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki, au ukifiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Mzazi akifa unapata ruhusa, akiugua hayumo. Wengi wanamaliza likizo ya mwaka, zile siku 28, wodini. Hili vyama vya wafanyakazi walibebe.

Leicester_Mswahili:
Niko Uingereza, namuuguza baba. Hapa England sheria ya 2014 inampa anayeuguza haki ya kufanyiwa tathmini yake mwenyewe, mbali na ya mgonjwa. Alikuja mtu wa halmashauri akaniuliza kama naweza kuendelea na kazi hii, na kama niko tayari. Sikuwahi kuulizwa na mtu, hata ndugu. Posho ipo ukiuguza saa 35 kwa wiki, ni ndogo na ina masharti. Swali lile halihitaji bajeti, daktari wa Mbagala anaweza kuuliza kesho asubuhi.

DadaWaMbagala:
Shikamoo mama Nesi, na asanteni wote. Nimebonyeza, rangi haibadiliki, asubuhi tunakwenda kituo cha afya. Nimewaandikia kaka zangu kwenye kundi la familia, nimetaja usiku na majina. Wa Mwanza amesoma, hajajibu bado. Mama Nesi, akilalia ule ubavu uliopooza ni sawa, au nimweke upande usiopooza tu?

NesiMstaafu:
Marahaba mwanangu. Pande zote mbili ni sawa. Akilalia uliopooza, bega lile livutwe mbele kidogo lisikandamizwe, na muda uwe mfupi kuliko upande usiopooza, kwa sababu huenda hasikii maumivu pale. Mkifika kituoni waombe wakupime na wewe presha, halafu uje utuandikie wamesemaje.