Mrejesho: vipepeo na maua ya milima ya Ngong

Niliwauliza nitoke Nairobi saa ngapi ili niwaone vipepeo na maua mwitu Ngong. Mliosema nisubiri jua lishike, asanteni sana! Kule juu kwenye mitambo ya upepo hakukuwa na kipepeo hata mmoja, upepo mkali mno. Upande uliokingwa ndiko kuliko na uhondo: jike la rangi ya chungwa, ncha za mbawa nyeusi zenye madoa meupe, likitaga yai mojamoja chini ya majani ya mmea wenye matunda yaliyovimba kama puto. Utomvu wake ni sumu. Kiwavi huula mmea huo na sumu hubaki mwilini mwake hadi awe kipepeo, ndiyo maana ndege humkwepa kipepeo huyo. Ndege wadogo waitwao chozi nao walikuwa wakifyonza maua kando yetu. Mvua zikipungua narudi. Wa kuandamana nami aseme.